Barua ni ya chuo, si ya kocha: kwa mama anayeuliza kuhusu ufadhili wa riadha Marekani

Swali: Binti yangu ana miaka 18. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana na kupata C+. Anakimbia mita 3,000 na mbio za nyika, na amefika mashindano ya shule za upili ya kanda. Kocha wa chuo kikuu kimoja cha Marekani amekuwa akimwandikia kwenye simu na anasema atampa ufadhili kamili. Kuna kijana hapa mjini anayesema yeye ndiye kiungo wa huyo kocha. Anataka shilingi laki mbili na nusu sasa, halafu fungu la pesa za mtoto akishafika. Mjomba wake naye anasema tumpeleke kambi ya Iten akatafute mbio za barabarani, tusipoteze wakati. Je, huo ufadhili ni wa kweli? Atasoma, au ataenda kukimbizwa tu? Na nitamwona lini? (Mama, Kapsabet)

Mama, pole na mawazo mengi. Nimepitia njia hiyo mwenyewe, nikakimbilia chuo cha Marekani miaka minne, na sasa kazi yangu ni kuwasaidia wanafunzi wa huku kwetu kutayarisha makaratasi yao. Nitakujibu kirefu kwa sababu swali lako lina maswali matano ndani yake.

Nianze na huyo kijana wa mjini, maana hilo ndilo lenye haraka. Usimpe hizo laki mbili na nusu. Simjui, na huenda kweli anafahamiana na kocha. Lakini vyuo vingi vya Marekani vinashindana chini ya chama kiitwacho NCAA, na kanuni za chama hicho ziko wazi: mtu anaweza kulipwa kwa kazi ya kumtangaza mwanafunzi kwa makocha, ila malipo yake hayaruhusiwi kutegemea mwanafunzi kupata ufadhili. Akidai fungu kwa sababu mtoto amefadhiliwa, machoni pa kanuni huyo ni wakala, na mwanariadha aliyejifunga kwa wakala wa namna hiyo anaweza kuzuiwa kushindana. Kwa hiyo hilo fungu analoomba linaweza kumfungia binti yako mlango uleule anaosema anamfungulia.

Kocha wa kweli hahitaji kiungo. Jina lake liko kwenye ukurasa wa michezo wa chuo chake, pamoja na anwani ya barua pepe inayoishia na jina la chuo. Mwambie binti amwandikie kwenye anwani hiyo, siyo kwenye namba ya simu aliyopewa na mtu, na amwombe wazungumze kwa video wewe ukiwepo. Kocha mwenye nia atakubali, tena atafurahi kumwona mama. Nimewahi kuona familia ikiuza ng'ombe wawili kwa ajili ya "kocha" ambaye hakuna chuo kilichomjua.

Gharama za halali zipo, na ni vizuri uzijue ili mtu asizitumie kukuchanganya. Kuna ada ya kujisajili kwenye kituo cha NCAA cha kukagua wanafunzi, mtihani wa Kiingereza kama chuo kitautaka, pasipoti, ada ya SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kuandikisha wanafunzi wageni) ambayo ni dola 350, ada ya viza ya mwanafunzi ambayo imekuwa dola 185, na tiketi ya ndege. Kila moja inalipwa moja kwa moja kwa anayeidai, na risiti inatoka kwa jina la mtoto. Kabla ya kulipa chochote cha viza, fungua ukurasa wa ubalozi siku hiyohiyo, kwa sababu ada na masharti hubadilika.

Sasa, je, ufadhili wenyewe ni wa kweli? Ndiyo, jambo lenyewe ni la kweli na ni la siku nyingi. Wewe uko Kapsabet, basi jina la Henry Rono si geni kwako. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, katika mji mdogo wa Pullman, alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Kabla yake, mwaka 1977, Samson Kimobwa wa chuo hichohicho alikuwa ameshavunja ile ya mita 10,000. Mike Boit alisoma Eastern New Mexico. Jirani zetu wa Tanzania walimtoa Suleiman Nyambui, aliyekimbilia Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, akashinda mita 10,000 za vyuo miaka minne mfululizo kuanzia 1979, na katikati ya hapo akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow ya 1980.

Wazazi wengi huniuliza: chuo kinapata nini kwa kumlipia karo mtoto wa Nandi akimbie? Kule Marekani michezo ya vyuo ni shughuli kubwa kuliko tunavyoweza kudhani tukiwa huku. Chuo kinakuwa na timu kumi na tano, ishirini, pengine thelathini, zenye makocha wanaolipwa mshahara, viwanja, madaktari na mabasi. Katika vyuo vikubwa fedha nyingi huletwa na mpira wa miguu wa Kimarekani na mpira wa kikapu wa wanaume, nazo ndizo zinazobeba michezo mingine kama riadha, ambayo haiuzi tiketi za kutosha kujilipia yenyewe.

Na kwa msichana kuna jambo jingine. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria inayojulikana kama Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali. Timu moja ya mpira wa Kimarekani ina wanaume wengi mno, na ili chuo kisionekane kinawapendelea, lazima kiwe na nafasi za kutosha upande wa wanawake. Riadha ni mahali pazuri pa kuziweka. Ndiyo maana kwa miaka mingi vyuo vya daraja la kwanza, lile la juu kabisa la NCAA, viliruhusiwa kutoa ufadhili 18 kwa riadha ya wanawake na 12.6 tu (ufadhili huweza kugawanywa) kwa wanaume. Binti yako anaingia kwenye mchezo ambao, kwa upande huu, umekuwa na mlango mpana kidogo kwa wasichana.

Kuna kitu kingine kitakachokusaidia kumwelewa kocha. Katika mbio za nyika za vyuo kila timu huwa na wakimbiaji saba, na watano wa kwanza ndio wanaohesabiwa. Aliyemaliza wa kwanza anapata pointi 1, wa thelathini anapata pointi 30. Mnajumlisha, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Kwa hiyo timu inaweza kuwa na bingwa na bado ishindwe vibaya, kwa sababu wa tano wao amemaliza wa mia mbili. Kocha anayemwandikia binti yako huenda hatafuti nyota. Huenda anatafuta huyo wa nne au wa tano, msichana imara asiyechoka, wa kumpunguzia zile pointi. Mtoto ambaye huku kwetu hafiki fainali ya kitaifa, kule anaweza kuibeba timu. Jambo hilo linanifurahisha, kwa sababu vipaji vingi huku vinatupwa kwa kuwa tu mwenye kipaji alikuwa wa nane.

Tuje kwenye neno "kamili". Kocha anapomwambia mtoto kwa simu kwamba atampa ufadhili kamili, hayo ni maneno ya kocha tu. Anayetoa ufadhili ni chuo, kwa karatasi, na karatasi hiyo hutoka ofisi ya fedha za wanafunzi ikiwa na sahihi ya afisa wa chuo. Zamani kulikuwa na barua ya kitaifa ambayo mwanafunzi alitia sahihi pamoja na ile ya fedha. Ilifutwa Oktoba 2024, na leo mkataba wa ufadhili wenyewe ndio kila kitu. Kocha anaweza kufukuzwa kazi Juni na mtoto wako akafika Agosti. Ikiwa karatasi ipo, chuo kinamlipia. Ikiwa kilichopo ni ujumbe wa simu tu, atakuta kocha mpya asiyemjua wala kumhitaji.

Ikifika hiyo karatasi, isome na mtu anayeelewa Kiingereza vizuri na utafute vitu hivi ndani yake. Je, inalipa karo, ada nyingine, bweni, chakula na vitabu? Vyote vitano vikiwepo, hapo unaweza kuanza kusema kamili. Je, bima ya afya imo? Mwanafunzi mgeni huwa analazimishwa kuwa nayo, na inaweza kufika maelfu ya dola kwa mwaka. Je, kuna fedha za matumizi zaidi ya hapo? Vyuo vingine vinatoa, vingine havitoi. Halafu muda: ni mwaka mmoja unaofanywa upya, au ni miaka yote? Tangu Agosti 2024 vyuo vya daraja la kwanza vya NCAA haviruhusiwi kumpunguzia mwanafunzi ufadhili kwa sababu ya kiwango chake cha mbio au kwa sababu ameumia, na vinatakiwa kugharimia matibabu ya majeraha ya michezo hata miaka miwili baada ya kumaliza. Ni ulinzi mzuri, lakini ni wa daraja la kwanza. Daraja la pili lina kanuni zake, daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo kabisa, na kuna vyama vingine kama NAIA, na kile cha vyuo vya miaka miwili, NJCAA. Muulize kocha chuo chake kiko wapi kati ya hivyo. Harvard, Yale na wenzao wa Ivy League nao hawatoi ufadhili wa michezo. Msaada wao unafuata uwezo wa familia, na alama wanazodai kwa anayetaka kuingia ni za juu sana.

Wapo wanaosahau kodi, mimi nikiwa mmoja wao mwaka wa kwanza. Ufadhili unaolipia karo na vitabu hautozwi kodi, lakini ule unaolipia bweni na chakula hutozwa. Kwa mwanafunzi mgeni mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, ni asilimia 14 ya sehemu hiyo, na Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani wa kumpunguzia. Bweni na chakula vikiwa dola 12,000 kwa mwaka, hiyo ni dola 1,680. Nilifungua akaunti yangu ya chuo mwezi wa pili nikakuta deni, nikalia usiku kucha nikidhani wamenidanganya. Hawakunidanganya, hakuna aliyenieleza. Aulize mapema chuo huwasaidiaje wanariadha wageni kwa hilo.

Na kuna mabadiliko ya karibuni ambayo ni lazima uyajue. Juni 2025 mahakama ya Marekani ilipitisha makubaliano makubwa kati ya NCAA na wanariadha, na kuanzia Julai mwaka huo vyuo vinaweza kuwalipa wanariadha sehemu ya mapato. Kwa vyuo vilivyojiunga na mpango huo, ukomo wa idadi ya ufadhili uliondolewa na badala yake ukawekwa ukomo wa watu kwenye timu: 17 kwa mbio za nyika na 45 kwa riadha ya uwanjani. Fedha nyingi za malipo zimekwenda kwa mpira wa Kimarekani na kikapu, na michezo mingine imeanza kuminywa. Hata Washington State ya Rono ilitangaza mwaka huohuo wa 2025 kwamba inaachana na kuruka na kurusha ili iweke nguvu kwenye mbio ndefu. Kwa mkimbiaji wa mbio ndefu hiyo yaweza kuwa bahati, ila inaonyesha jinsi mambo yanavyotikisika. Tena viza ya mwanafunzi inabana sana kazi nje ya chuo, kwa hiyo hizo fedha za matangazo mnazosikia wanariadha wa Marekani wakizipata, binti yako asizihesabu, na asitie sahihi ya tangazo lolote bila kwenda kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Kosa dogo la kazi linaweza kumfutia viza.

Sasa shule. C+ si mbaya, lakini kituo cha NCAA hakiitazami kama sisi tunavyoitazama. Kinakagua somo kwa somo: Kiingereza, Hisabati, sayansi na masomo ya jamii, na kwa daraja la kwanza kinataka kozi 16 za msingi zenye wastani usiopungua 2.3 kwa hesabu yao ya pointi nne. Mtihani wa SAT, ule wa Kimarekani wa kuingilia chuo, hautakiwi tena na NCAA tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuutaka. Anza leo kukusanya ripoti za mihula yote kuanzia kidato cha kwanza. Watu wengi huja kwangu na cheti cha mwisho tu, na shule wameshaihama mara mbili.

Halafu jina. Nakuomba sana uketi mezani usiku mmoja na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, matokeo na pasipoti, uvisome herufi kwa herufi. Kwenye cheti cha kuzaliwa ameandikwa majina matatu, kwenye matokeo mawili, kwenye pasipoti yamegeuzwa: hilo pekee limewahi kumchelewesha msichana niliyemsaidia muhula mzima. Tarehe ya kuzaliwa nayo ni moja, ile ya kweli. Mtu akikushauri kumpunguza mtoto miaka miwili ili akimbie kama mdogo, mfukuze nyumbani kwako.

Kuna pia saa inayohesabu. Katika daraja la kwanza, mwanariadha amekuwa akipewa muda wa neema wa mwaka mmoja hivi tangu tarehe aliyotakiwa kumaliza shule ya upili. Baada ya hapo, akiendelea kushiriki mashindano yaliyopangwa bila kuwa chuoni, anaanza kupoteza misimu yake ya kushindania chuo. Hapo ndipo shauri la mjomba linapogongana na shauri la kocha. Akikaa kambini Iten miaka mitatu akifukuzia mbio za barabarani, kisha akakumbuka chuo, anaweza kukuta imebaki misimu michache au hakuna. Akianza masomo Agosti hii, yuko salama. Kanuni za misimu zimekuwa zikizungumzwa upya, kwa hiyo kila chuo kina afisa wa kanuni. Muulize huyo kwa maandishi, na uhifadhi jibu lake. Kama amewahi kupata zawadi ya fedha kwenye mbio yoyote, hata elfu mbili na blanketi, aitaje kwenye fomu.

Simdharau mjomba. Iten imelea mabingwa ambao hakuna chuo kingewalea, na wapo waliojenga nyumba za wazazi wao kabla ya miaka 22. Lakini mjomba anawakumbuka walioshinda. Kwa kila mmoja aliyepata mkataba wa viatu, mimi nawajua wengi walioondoka kambini na goti bovu na bila cheti chochote. Upande wa pili, Sally Kipyego alisoma Texas Tech, akashinda mataji tisa ya vyuo, matatu kati yake mbio za nyika mfululizo, akasomea uuguzi, halafu akachukua medali ya fedha ya mita 10,000 Olimpiki ya London 2012. Edward Cheserek alishinda mataji 17 akiwa Oregon. Na Juni 2025, Doris Lemngole wa Alabama alikimbia kuruka viunzi na maji kwa dakika 8:58.15 kule Eugene, mwanafunzi wa kwanza wa chuo kushuka chini ya dakika tisa. Chuo hakikuwazuia kuwa wakimbiaji.

Umeuliza kama atasoma au atakimbizwa tu. Atafanya vyote viwili, na hapo ndipo nataka ukae na binti mzungumze. Mkimbiaji wa mbio ndefu hana msimu mmoja. Septemba mpaka Novemba ni nyika. Desemba mpaka Machi ni mbio za ndani, kwenye ukumbi, kwa kawaida mzunguko wa mita 200. Machi mpaka Juni ni uwanja wa nje. Mchezaji wa kikapu akimaliza msimu wake anapumzika, mkimbiaji anabadilisha viatu tu. Kanuni zinasema mazoezi na mashindano yasizidi saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, na siku moja iwe ya kupumzika. Lakini saa za kwenye basi hazihesabiwi humo.

Nakumbuka safari ya kurudi kutoka mashindano ya Februari, saa tisa barabarani usiku, theluji ikipita dirishani kama unga unaochekechwa. Wenzangu wamelala. Mimi nina kitabu cha Kemia magotini na tochi ya simu mdomoni, maana kesho saa mbili asubuhi kulikuwa na mtihani. Niliupita kwa C. Wanafunzi wa kawaida walikuwa wamelala vitandani mwao. Chuo kizuri kina walimu wa ziada kwa ajili ya wanariadha, na barua ya kumwomba mwalimu asogeze mtihani. Sikujua kwamba naweza kuomba. Binti yako aombe tangu wiki ya kwanza.

Na masomo yenyewe yana kipimo: viza inamtaka asome kozi zenye angalau krediti 12 (vipimo vya uzito wa kozi) kila muhula, na NCAA inataka krediti 24 kabla ya mwaka wa pili, kisha kila mwaka awe amepiga hatua fulani kuelekea digrii. Akianguka, hakimbii. Nimeona wasichana wakisukumwa kwenye kozi nyepesi ili ratiba ya mazoezi isivurugike, wakamaliza na digrii ambayo hawakuitaka. Kama anataka uuguzi, amuulize kocha wazi: ni nani kwenye timu anasoma uuguzi sasa, na nizungumze naye. Masomo yenye vipindi vya hospitalini asubuhi hugongana na mazoezi ya asubuhi. Kocha akisema inawezekana, akuonyeshe mtu.

Jambo la mwili nitalisema waziwazi kwa kuwa wewe ni mama. Mwaka wangu wa pili sikuona siku zangu kwa miezi saba, na nilidhani ni jambo la kawaida kwa mkimbiaji. Si kawaida. Ni dalili kwamba chakula hakitoshi kazi, na mifupa inakuwa inaliwa taratibu. Nilikuwa naumwa na muundi. Kocha niliyekuwa naye aliniambia zimebaki siku tisa tufike mashindano ya ligi, nivumilie. Nilivumilia. Kwenye mzunguko wa kumi wa mita 5,000, uwanja ukiwa kimya upande ule wa mbali na jukwaa, nilisikia mguu ukilia kama kijiti kikavu. Wiki kumi na moja kwenye kiatu cha plastiki. Ufadhili haukukatwa, nashukuru, lakini mguu huo hadi leo unanijulisha mvua ikikaribia.

Kwa hiyo mfundishe hili kabla hajaondoka: maumivu ya mfupa na siku zilizopotea humwambii kocha peke yake. Kila timu ina mtaalamu wa tiba ya michezo. Anaenda kwake, anaandikisha, na akimwambia pumzika, anapumzika. Ale kifungua kinywa kabla ya mazoezi. Ukumbi wa chakula hufungwa saa fulani na mkimbiaji anayetoka mazoezini amechelewa hulala na tufaha moja, usiku baada ya usiku. Anunue mkate na siagi ya karanga aweke chumbani. Unga wa ugali siku hizi unapatikana miji mingi, na kama hakuna, wa mahindi wa maduka ya Kimeksiko hautamwangusha.

Siku mtakapozungumza na kocha kwa video, wewe uliza mawili tu, mengine mwachie binti. Uliza wasichana wangapi wa kigeni walioingia kwake miaka mitano iliyopita wamemaliza na digrii. Uliza nani atampokea uwanja wa ndege. Ukiona anajibu la kwanza kwa majina na la pili bila kusita, moyo wako unaweza kutulia kidogo. Na binti aombe namba ya mkimbiaji mmoja aliyehama timu hiyo, siyo tu waliobaki. Siku hizi wanafunzi wanaweza kuhama chuo kimoja kwenda kingine bila kukosa msimu ikiwa masomo yao yako sawa, basi hata yeye akifika akakuta mambo hayafai, hajafungwa. Ila asihame kabla ofisi ya wanafunzi wa kimataifa haijahamisha rekodi yake ya viza.

Utamwona lini? Sitakudanganya. Krismasi ya kwanza hatakuja. Mbio za ndani zinakuwa zimeanza na tiketi ni ghali. Majira ya kiangazi ya kwanza wengi hubaki kusoma kozi za ziada, na ufadhili wakati mwingine hulipia. Wengi wetu tulirudi mara ya kwanza baada ya karibu miaka miwili, mwezi wa sita. Kabla ya kupanda ndege ya kuja nyumbani, fomu yake ya I-20, ile ya chuo inayoambatana na viza, iwe na sahihi ya safari ya afisa wa chuo, na aangalie kama viza yake ina muda wa kumrudisha. Ikiwa imekwisha, ataomba upya Nairobi na inaweza kula likizo yote. Wekeni siku ya kupigiana simu kila wiki, Jumapili jioni yako, ambayo kwake ni asubuhi au mchana. Mama yangu alikuwa ananiuliza kwanza nimekula nini, ndipo aulize nimekuwa wa ngapi.